Jina la Tano

Erasmus alishuka Tabora kutoka Dar es Salaam na miwani ya jua na ujuaji mwingi. Alikuja kukifundisha kikundi chetu cha ngoma kuigiza safari ya shujaa kwa ngoma na dansi. Kutufundisha sisi! Watu ambao babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo.

Shujaa wake alikuwa Modest, kijana mwenye sura nzuri na kifua cha kununua kwenye mashine za mazoezi. Erasmus alimtwika mzigo kichwani, juu ya ngata.

"Bwana, Mnyamwezi alibeba begani," nikamwambia. "Kichwani ni kina mama wanaotoka kisimani."

"Mzee Ngassa, kichwani inapendeza kwenye picha."

Nikarudi kwenye kiti changu. Mimi ni mpiga ngoma tu.

Lakini alipokata mwisho wa wimbo wa msafara, hasira zilinipanda. Wimbo ule ni wa ukoo wetu. Msafara ukirudi, ngoma hunyamaza nje ya kijiji. Kiongozi hutaja waliofia njiani, jina kwa jina, na ndugu huitikia. Kabla ya hapo hakuna anayeingia kwake. Majina ni saba. Mama yangu, Yustina, alinifundisha tangu utotoni, na kila alipotaka tuyarudie nilimjibu, "Nayajua, mama."

Erasmus alisema watu hawaji ukumbini kulia. Shujaa wake angerudi akirukaruka, taa zikiwaka, watu wakipiga makofi. Nilimdharau kwa raha, mpaka chakula kikawa kinanoga zaidi.

Siku ya onyesho mama alitoka kwake Chemchem mapema, akaketi mstari wa mbele na kanga yake mpya. Modest akaingia na ngata yake, akaanza kuruka. Nikaacha kupiga.

Kijana wa watu akabaki kaduwaa. Pembeni Erasmus alinipungia mikono kama anayefukuza kuku. Nikasimama, nikaita kwa sauti kubwa.

"Masanja!"

"Tumesikia," mama akaitikia.

"Mihambo!"

"Tumesikia."

Kasanda. Mabula. Ukumbi mzima ulitulia, nami nikamwangalia Erasmus nione kama sasa amejifunza. Nikafungua kinywa kutaja la tano.

Halikuja. Nililitafuta, na halikuja.

"Lugembe," mama akasema polepole. "Baba wa babu yako."

Akataja mawili yaliyobaki, akayaitikia mwenyewe. Mimi sikuweza hata kusema tumesikia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Makofi yalipoisha Erasmus alikuja mbio, akanikumbatia.

"Mzee, wewe ni kiboko! Ule ukimya kabla ya jina la tano! Na bibi ulimpanga lini? Kesho ujifanye umesahau vilevile."

Mama alikuwa ameinuka kitini, amesimama kando yangu, akisubiri kusikia nitajibu nini.

Nikamwambia Erasmus asante.