Mikono Juu kwa Lohkamp

Egon Lohkamp alimuua mume wangu kwa kiapo. Hakumgusa hata unywele. Mwaka wa arobaini na tatu alisimama mahakamani, akainua mkono, akaapa kwamba kupitia ukuta tuliopakana amemsikia Bernward akifungulia redio ya London, ya adui na iliyopigwa marufuku wakati wa vita, na kutangazia wageni habari zake. Redio yetu ilikuwa imeungua tangu kiangazi, na Lohkamp alijua, maana nilimlalamikia mimi mwenyewe. Alichotaka ni kiwanja chetu cha nyuma, apanue karakana yake ya mbao. Bernward alikatwa kichwa kabla ya Krismasi, na kiwanja akakipata.

Vita vilipokwisha wakaja wachunguzi wa waliotumikia utawala ule. Majirani wakapanga foleni kumtolea ushahidi: mtu wa kanisa, mtu mwema, alilazimishwa. Akatoka mweupe pee. Nchi ikapata katiba mpya, vyama vikafufuka, na Lohkamp akajiunga na chama chetu. Nasema chetu kwa sababu Bernward na wenzake ndio waliokipanga kwa siri, Wakatoliki na Waprotestanti meza moja, wakati kukaa meza moja kulikuwa hatari. Watu waliniuliza kwa nini sihami. Nihame niende wapi? Nimwachie mwizi nyumba?

Nilikaa. Nilihudhuria kila mkutano, nikamsalimia Lohkamp kwa heshima zote, naye akadhani nimesahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kufikia mwaka wa hamsini na saba alikuwa mwenyekiti wetu, na alitaka ubunge. Kwetu Westfalia, chama kikisimamisha ufagio, ufagio unakwenda bungeni Bonn. Kilichobaki ni mkutano wa wanachama kumteua, katika ukumbi wa baa ya Vennemann, watu wamejaa, moshi wa biri na bia mezani. Sheria ilikuwa wazi: mgombea achaguliwe kwa kura za siri, kisha mwenyekiti wa mkutano na wanachama wawili waape kwa maandishi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Walioitunga sheria hiyo walikuwa wameona mikono iliyonyooshwa ya kutosha enzi za udikteta.

Lohkamp mwenyewe ndiye aliyenipendekeza niwe mmoja wa hao wawili. "Mama Averbeck," alitangaza, "ambaye wote tunajua aliyoyapitia." Watu wakapiga makofi. Alitaka waone kwamba mjane wa Bernward hana kinyongo naye. Wa pili alikuwa mzee Ludger Terhorst, muoka mikate, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mtu.

Tulikuwa tumeshaandaa karatasi na sanduku. Lohkamp akavitazama, akacheka.

"Jamani, tuko nyumbani hapa. Ya nini kujifichaficha? Wanaonitaka, mikono juu."

Nikasimama. "Mwenyekiti, sheria inataka kura ya siri."

"Mama Averbeck anaogopa mikono yetu," akasema. "Kaa mama, bia yako inapoa."

"Bia ikipoa ndiyo tamu," mtu akadakia kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Mikono ikapanda. Kwanza ya marafiki zake, halafu ya wanaomtegemea kwa kazi, halafu ya waliogeuza shingo kuona nani bado hajanyoosha. Nikaijua ile namna ya kutazamana. Mimi sikunyoosha. Nilikaa kama alivyoniambia, nikanywa bia yangu, na moyo ukanidunda kwa furaha, maana nilijua ameshajifunga kamba mwenyewe.

Alikuja kwangu siku ya mwisho ya kupeleka fomu, jioni ikikaribia, na Terhorst nyuma yake. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa imemwambia kwamba bila sahihi yangu uteuzi haupo, na kuitisha mkutano mwingine hakukuwa na muda. Nikawakaribisha jikoni. Nilikuwa namenya viazi, nikaendelea kumenya.

"Ni sahihi tu, mama," Lohkamp alisema. "Mzee Ludger ameshatia yake."

"Inasema nini?"

"Mambo ya kawaida. Kwamba kura ilikuwa ya siri."

"Ilikuwa ya siri?"

"Mama Averbeck, tusichoshane. Mambo ya zamani yamepita."

"Kwangu hayajapita. Niambie ulichosikia ukutani, Egon."

Terhorst akainamisha kichwa. Mwaka wa arobaini na saba yeye ndiye aliyeapa mbele ya wachunguzi, kwa ushahidi mzito kuliko wote, kwamba Lohkamp hakusema uongo hata siku moja. Lohkamp akatazama saa, akatazama fomu.

"Nikisema utatia sahihi?"

"Sema kwanza."

Akafuta jasho. Sikuwahi kumwona akitoka jasho. "Sikusikia kitu," akasema. "Umeridhika? Sikusikia redio. Nilitaka kile kiwanja, na mtu wa Gestapo alikuwa ananibana nimpe jina. Nikampa. Haya, kalamu hii hapa."

Niliweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye aproni. Miaka kumi na minne nilikuwa naisubiri sentensi hiyo, na nilipoisikia sikulia. Niliiona tamu. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukila.

"Siapi uongo," nikamwambia. "Hiyo ni kazi yako."

"Lakini umesema..."

"Nimesema sema kwanza. Sikusema cha pili."

Akageuka rangi. "Unajua unachofanya? Chama hakitakuwa na mgombea jimbo hili. Wasoshalisti watalichukua bila jasho. Chama alichokifia mumeo, unakiua wewe kwa mkono wako."

Hapo alinichoma, sitaki kudanganya. Niliwafikiria wale wazee waliokaa na Bernward kwenye meza ile, walioniamini. Nilijua wataniita msaliti, na wengine hawatanisalimia tena hadi kaburini. Wananiita hivyo mpaka leo.

"Chama kitakuwepo miaka minne ijayo," nikasema. "Wewe hutakuwepo."

Akamgeukia Terhorst. "Mzee, mwambie huyu mwanamke."

Terhorst alikuwa bado ameinama. Akaivuta fomu taratibu kwa vidole vyake vyenye alama za tanuri, akachukua ile kalamu niliyoletewa mimi. Nikadhani anataka kunibembeleza. Akalikata jina lake kwa mstari mmoja, akalikata tena, mpaka karatasi ikachanika.

"Nilikuapia, Egon," akasema. "Mbele ya watu, nikaapa kwamba wewe si mwongo."

Kisha akaanza kulia, mzee mzima, jikoni kwangu, na Lohkamp akasimama pale asijue atoke mlango upi, wakati kulikuwa na mlango mmoja tu. Nikamfungulia.