Hedifoni za Masele

Paskazia hakuketi. Mzee Chenge na wenzake wawili walipoingia uani kwake Buswelu aliwapa viti, akawaletea maji ya kunywa, lakini yeye mwenyewe akabaki wima, mikono kiunoni. Mtu akija kwako na uso wa namna ile hajaja kusalimia.

"Wimbo umetoka," Chenge alisema. "Wagika wanao. Huyu jirani yako Mayala anauimba mwanzo hadi mwisho, na jibu lake keshalitunga."

Hapo maji yalikuwa yamezidi unga. Maana watu wa ngoma huku wako pande mbili, Wagalu na Wagika, na siku ya mashindano kila upande hutoka na wimbo mpya wa kumchokoza mwenzake. Wimbo huo hufichwa kama mwali. Upande wa pili ukiuwahi, wanakuja na jibu lao tayari, na wewe unachekwa mdomo ukiwa bado wazi. Paskazia alikuwa manju wa Wagalu, mtunzi na mwongoza nyimbo wao, tangu huyu Masele, mtoto wa mdogo wake, ananyonya.

"Watu wanasema umeutoa wewe," Chenge aliendelea, macho kwenye kikombe. "Tumeongea kwenye mazoezi. Winnie, huyu anayekuitikia, ataongoza. Wewe mama, pumzika."

Pumzika! Neno lile lilimpanda hadi utosini.

"Na Mayala mmemwuliza ameupata wapi?"

Chenge alipiga funda la maji.

"Nauliza, mmemwuliza?"

"Mgika haulizwi habari ya wimbo," Chenge alisema. "Ukimwuliza umekiri kwamba ni wako."

"Ahaa. Kwa hiyo Mgika mnamwonea haya. Mimi ndiyo mmeniona wa kuhukumiwa bila swali."

Hata kuurekodi wimbo huo kwenye kaseti za kuwagawia wachezaji halikuwa wazo lake. Wachezaji walikuwa wametawanyika, wengine viwandani Nyakato, wengine Buzuruga, kuwakusanya wajifunze wimbo ilikuwa kazi. Masele ndiye aliyesema, mama mkubwa, chumbani kwangu nina mashine ya kaseti. Turekodi ngoma kwanza, kisha wewe uimbe juu yake huku unaisikia masikioni. Wakaanza na hedifoni za waya. Lakini Paskazia haimbi amesimama kama mlingoti. Alivaa njuga zake miguuni, akapiga mguu chini mara moja tu, waya ukavuta mashine ikaanguka toka mezani. Ndipo Masele akaenda mjini dukani kwa Hasham, akarudi na hedifoni zisizo na waya kabisa, na kidude chenye antena cha kukaa mezani na kuzipelekea sauti. Paskazia alizipenda. Alicheza hadi mlangoni, ngoma imo masikioni vilevile.

"Na lile la debe je?" aliuliza Masalu, mmoja wa wale wawili. "Mayala ana hasira, anasema umesema ngoma yake inalia kama debe la mafuta ya taa. Hata matusi yetu ya ndani umempelekea mwenyewe!"

Paskazia aligeuka polepole. "Masele. La debe nililisema lini?"

Masele alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba chake, palepale uani. "Ulipokuwa unapumua, mama mkubwa. Nilikuwa nimesimamisha kaseti naigeuza."

"Kwenye kaseti halimo?"

"Halimo."

"Humo ndani tulikuwa nani?"

"Mimi na wewe. Na maiki ilikuwa wazi, ulikuwa unajisikia kwenye hedifoni."

Paskazia hakusubiri zaidi. Alikwenda kwenye ua wa minyaa. "Mayala! Mayala we!"

"Naam, mama debe!"

"Hilo la debe umelisikia wapi?"

"Redioni!" Mayala alijitokeza, shati begani. "Kwenye kile kituo kipya kinachoshika na kupotea. Nikasema jamani, jirani yangu kawa mtu mkubwa, anapigwa hewani! Kumbe umekwenda huko kunisema mimi, mkoa mzima unasikia! Mama, ujirani gani huo?"

Mwaka ule vituo vipya vilikuwa vinaingia, na kila mwenye redio alishinda akizungusha kitufe kuvitafuta. Masele alishika kichwa. "Ni kile kidude, mama mkubwa. Kinarusha kama redio. Nilidhani zinazokamata ni hedifoni hizi peke yake."

"Hayo maneno ya vijana," Chenge alisema.

"Basi nenda kwa Mayala ukakae mbele ya redio yake."

"Mimi? Nikae kwa Mgika?"

"Kwangu umekuja bila aibu, kwa Mayala ndiyo utaiona?"

Wakaenda, Chenge nyuma kabisa. Masele akawasha mashine, akamvika Paskazia hedifoni.

"Mzee Chenge," Paskazia aliiambia maiki, "vua kofia, uko kwa watu."

Ng'ambo ya minyaa kilipasuka kicheko. "Kavua!" Mayala alipiga kelele. "Kaivua!"

Hapo Paskazia akafunguka. "Nimewaimbia nikiwa na mimba. Nimewaimbia sauti imekauka kwa kumlilia mama yangu. Mvua imeninyeshea uwanjani ninyi mmejibanza chini ya mabati. Leo mnakuja wanaume watatu, mnakunywa maji yangu, mnaniambia pumzika, kama ng'ombe aliyekatika maziwa!" Miguu ilikwishaanza yenyewe, na maneno yakapata mwendo:

*Chenge kaja, hukumu mkononi,*
*swali kaliacha kwake nyumbani!*

Alirudia. Mara ya tatu ngoma ya Mayala ikaitikia kutoka ng'ambo, ileile inayolia kama debe. Mgika mzima, ameshindwa kujizuia.

Chenge alirudi na wenzake, kofia ikiwa bado mkononi. "Paskazia, nimesikia. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Mlinisema wapi?"

"Kwenye mazoezi."

"Mbele ya watu. Basi nitasafishwa mbele ya watu." Alivua hedifoni akamvika yeye, akamsogezea maiki. "Sema hapa, wenye redio wote wasikie."

"Na wimbo wa mashindano?" Masalu alinong'ona. "Ule si umeharibika?"

"Nitatunga mwingine. Nikiwa manju. Mzee, tunakusubiri."

Chenge alikohoa, akashtuka kusikia kikohozi chake masikioni. "Mimi Chenge… mama Paskazia hakutoa wimbo. Tulimsingizia."

"Malizia."

"Na manju ni yeye."

"Sauti, mzee!" Mayala aliita toka kwake. "Kituo kinapotea!"

"Rudia," Paskazia alisema, na sasa ndipo alipovuta kiti akaketi. "Jirani hakusikia vizuri."