Karatasi ya Mkwe

Pale bekari walimwita Bi Hamira, kwa sababu alipoingia tu, kila kitu kiliumuka, unga na sauti za watu pia. Kwa mdomo hakuwa na mchezo. Mwuza unga akileta gunia lenye unyevu, aligeuzwa nalo mlangoni kabla hajasema lolote. Lakini mpe kalamu, mama wa watu anakuwa mwingine kabisa. Anajikunja, anaomba radhi, anazunguka weee, mpaka unamwonea huruma.

Na balaa lenyewe ni kwamba mtu aliyelazimika kumwandikia kila siku alikuwa mkwewe.

Bi Hamira aliongoza zamu ya asubuhi, mume wa bintiye akaongoza ya jioni. Kazi hiyo alimwombea yeye mwenyewe kwa tajiri, akamsifia mpaka koo likamkauka. Kati ya zamu hizo tanuri lilipumzishwa, kwa hiyo hawakukutana. Aliyetoka alimwachia mwenzake karatasi kwenye msumari wa mlango wa stoo. Alimpenda kijana kama aliyemzaa, ila mkwe ni mkwe. Huwezi kumwagiza kama unavyomwagiza mfagizi.

Basi swichi ya kulia ya tanuri ikaharibika. Ukishaiwasha, joto linapanda tu, halishuki. Bi Hamira akaandika. Akamsalimu mkwe, akawasalimu wajukuu, akauliza mgongo unaendeleaje, akamwombea heri na umri mrefu, akageuza karatasi. Chini kabisa, pembeni, akatia: "Na kama haitakuwa usumbufu, baba, hilo tanuri upande wa kulia nalo limekuwa halieleweki eleweki."

Mkwe alisoma mpaka kwenye mgongo, akatabasamu, akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akawasha swichi zote mbili. Trei zote za kulia zikatoka makaa.

Tajiri hakupandisha sauti. "Ikiungua tena," alimwambia Bi Hamira kesho yake asubuhi, "mkweo atafute kwingine."

Wenzake walipokwenda kunywa chai, Bi Hamira alivuka barabara na aproni yake hadi hospitali, alikofanya kazi bintiye, muuguzi wa wodi ya wanaume. Wakaketi kwenye benchi la ukumbini.

"Karatasi yako nimeiona, mama," binti alisema. "Alikuja nayo nyumbani. Mimi mwenyewe hilo tanuri sikuliona."

"Nimeliandika!"

"Umelificha." Binti akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaona macho ya mama yake yamelowa, akaacha. Akamshika mkono. "Sikiliza. Hapa tukiachiana wagonjwa, tunaanza na kile kinachoweza kuua. Halafu nani afanye nini. Sentensi moja, jambo moja. Ukimaliza jisomee kwa sauti, umfikirie mtu mwenye unga mikononi na haraka zake."

"Nimwandikie mumeo hivyo? Bila hata hujambo? Si atasema mama mkwe kapandwa na mashetani!"

"Heri aseme hivyo akiwa na kazi."

Bi Hamira alirudi stoo akaandika, akachana, akaandika tena. Alijisomea kwa sauti, na kila mara neno "baba" lilichomoza mahali, akalikata. Mwisho ikabaki hivi: "Usiwashe swichi ya kulia. Inaunguza. Oka yote kushoto. Fundi anakuja keshokutwa." Akaitundika msumarini kama anayemtukana mtu, na zamu ilipokwisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Asubuhi alikuta mikate imejipanga rafuni, imeiva vizuri, hakuna hata mmoja uliobabuka. Nusura apige vigelegele. Kisha akaiona karatasi ya mkwe. Kijana naye alikuwa ameandika kifupi: "Mama, mikate imetoka salama. Nimekukosea nini?"

Aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi juu ya gunia la unga. Kazi imepona, mtoto ameumia. Akashika kalamu, na salamu zote zikamjia mbio kama kawaida yake, za wajukuu, za mgongo, za umri mrefu. Safari hii akazikataa. Kipi hapa kinaweza kuua? alijiuliza. Akaandika: "Mwanangu, hujanikosea. Nakupenda. Swichi ya kulia bado." Akajisomea kwa sauti, akaitundika msumarini.

Siku hiyo hakuondoka zamu ilipokwisha. Alijitia kusugua trei ambazo zilikuwa safi tayari, mpaka mkwe akaingia. Kijana alishtuka kumkuta, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bi Hamira aliitikia, akiitazama trei.

Mkwe akaenda mlangoni pa stoo, akaitoa karatasi msumarini. Maneno yalikuwa machache, lakini alisimama pale muda mrefu, amempa mgongo, na mara moja akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Bi Hamira akaendelea kusugua.

"Mama," mkwe alisema bila kugeuka, "hii nimeisoma yote."