Alama Nyuma ya Sikio

Hadithi hii hakuna anayeijua kuliko anayeisimulia hapa. Ukiwatoa, bila shaka, wote waliokuwepo ukumbini, na mama yake Panzi mwenyewe, aliyeisimulia huku ana pini mdomoni, kwa hiyo maneno mengine yalibaki huko huko na pini. Yaliyotoka ndiyo haya.

Jumatatu asubuhi mama yake Panzi alikuwa anampima mwanawe kiuno. Alikuwa fundi cherehani, na klabu ya ngumi mchanganyiko, zile za mateke na mieleka na kukabana shingo ndani ya kizimba cha wavu, ilimpa kazi ya kushona kaptura za wapiganaji. Panzi alisimama juu ya kigoda, mikono juu, mbavu nje.

"Umepungua tena," mama alisema. "Nikikushonea ya leo, Jumamosi utaivaa na kamba."

"Lazima nipungue, mama. Ni uzito wa bantamu."

"Bantamu ndiyo nini?"

"Aina ya jogoo. Mdogo mdogo."

"Jogoo naye hupewa pumba kabla ya kupiganishwa. Wewe hata maji umekatazwa."

Alama za Jumamosi zilikuwa zimeshaanza kumtoka mwilini. Katika mtaa ule alama hutangulia kipigo. Huanza na manjano, kama doa la chai, ikaja kijani, ikaja zambarau, na siku yenyewe ikawa nyekundu mbichi. Kipigo kikifika huchukua alama yake kikaenda nayo, ngozi ikabaki safi. Ndiyo maana wapiganaji wa pale huingia kizimbani wamechakaa kama magunia na kutoka wanang'aa, hata yule anayetolewa amebebwa. Mpigaji naye huota ya kwake, kwenye kifundo, kwenye goti, popote atakapogonga, na alama ya mpigaji na ya mpigwa hulingana kama kifungo na tundu lake.

Lakini alama si hukumu. Ni miadi tu, na asiyetaka kwenda haendi. Tatizo ni kwamba alama isiyochukuliwa haiondoki. Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la fundi, palikuwa na mzee aliyekuwa akiuza betri na vioo vya saa kwenye benchi. Ujanani alijitoa katika pambano. Hadi leo alikuwa na alama nyekundu mdomoni, ya ngumi ambayo haijafika. Ameoa, amelea, amezika mke, amepata wajukuu, na mtaa mzima unamwita Bado.

Mama yake Panzi alimzungushia mwanawe utepe, akasoma, akaandika kwa chaki juu ya meza. Ndipo akaona kipande cha uzi kwenye nywele zake, nyuma ya sikio la kushoto. Alipokitoa, nywele ziligawanyika.

Alama ile haikupitia manjano. Ilikuja zambarau moja kwa moja, ukubwa wa kifungo cha koti. Aliigusa. Ilikuwa baridi kama mkasi. Akaondoa kidole, akakipuliza, akagusa tena, pengine kidole ndicho kilichokuwa baridi. Hakikuwa.

"Tangu lini hii?"

"Jana."

"Kocha anajua?"

"Ndiye aliyeiona. Kasema nisinyoe."

Siku hiyo mama yake Panzi alishona kaptura ya Jumamosi akafunga matundu yote mawili ya miguu, ikawa foronya. Aliifumua. Akaishona tena, akayafunga tena.

"Jitoe," alimwambia mwanawe wakati wa chakula, ambacho kilikuwa chake yeye peke yake, maana mwanawe alikuwa anatafuna barafu na kuitema.

"Niwe kama Bado?"

"Bado ana wajukuu."

"Na jina lake ni Bado, mama."

Kesho yake kocha alipita dukani. Alikuwa mtu mpole, filimbi shingoni, wa kusalimia mpaka watoto wa watu. Alikuwa ameleta taulo jeupe, jipya, lipindwe ukingo. Mama yake Panzi hakuligusa.

"Kocha, ile ya nyuma ya sikio."

"Nimeiona, mama."

"Wenzake waliopata ya kichwani isiyo na manjano, wako wapi?"

Kocha aliitazama cherehani kana kwamba ndiyo iliyouliza. "Wengine wapo," alisema.

"Wapo wapi?"

"Mama, mabango yamebandikwa. Ukumbi umeshapigwa rangi. Na mtoto mwenyewe anataka." Kisha akalichukua taulo, akalikunja, akaliweka begani kwake. "Hili ni la nini? La kurusha. Kona ikirusha taulo, refa anasimamisha pambano, hapo hapo. Kufuli, mpinzani wake, mguu wake wa kulia umeota alama ukubwa ule ule, juu ya unyayo, na imetoka baada ya nyingine zote, kwa hiyo ni raundi ya tatu. Mimi raundi ya tatu nautazama mguu wa kulia tu. Ukinyanyuka, narusha. Nakuapia."

Hofu ikipata kiapo hunyamaza kidogo, kama mtoto aliyepewa sukari. Mama yake Panzi alilipinda taulo. Halafu akamwambia kocha avue koti lake la klabu, akalishikiza taulo begani mwa lile koti kwa bandi, ule mshono wa muda ambao fundi huupiga ili kitambaa kisihame na ambao hukatika kwa kuvutwa mara moja. Alitumia uzi mwekundu.

"Ndoo nyingi kule, maji, vitambaa, makelele," alisema. "Usije ukaanza kulitafuta. Vuta tu."

"Umefikiria mbali, mama," kocha alisema.

Alhamisi ulifanyika ukaguzi wa ngozi. Panzi na Kufuli walisimama juu ya meza mbili wakiwa na chupi, na Mchambuzi wa redio alizunguka na fimbo akiwasoma mbele ya watu. Kufuli alikuwa kijana mfupi, mnene wa mabega, mwenye aibu; alikuwa akiuliza kila mara kama anaweza kushuka.

"Raundi ya kwanza ni ya Kufuli," Mchambuzi alisema. "Tazameni mapaja ya Panzi, haya ni mateke ya chini, moja, mbili, na hili la kumtoa machozi. Raundi ya pili Panzi anaamka. Mbavu za Kufuli hizi hapa, na shingoni utepe wa mkono, anakabwa. Lakini utepe hauzunguki wote, kwa hiyo atachomoka kama sabuni. Raundi ya tatu Panzi anaongoza." Akafika kwenye mguu wa kulia wa Kufuli, akainama. "Na hii?"

Watu walisogea. Mchambuzi akaenda meza ya pili kukitafutia kile kifungo tundu lake. Alimtazama Panzi mgongoni, tumboni, makwapani. Akainua fimbo kuelekea kichwani.

"Ukaguzi unaishia shingoni," daktari wa mapambano alisema, akiwa ameketi. "Nywele si ngozi."

"Atapiga nguzo ya kizimba," kocha alisema.

Panzi alimtafuta mama yake kwenye umati, akamwona amefungua mdomo. Alimtazama kwa jicho lile lile alilomtazama nalo darasa la kwanza, mama alipompelekea sweta mbele ya wenzake. Mama yake akafunga mdomo. Wapo wanaosema alikuwa ana pini. Siku hiyo hakuwa na pini hata moja.

"Basi, nguzo," Mchambuzi alisema. "Panzi kwa pointi. Na nguzo nayo tuiombee."

Watu walicheka. Mama yake Panzi naye alijikuta anacheka, na kicheko kikakataa kuisha, mpaka jirani yake akampigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa.

Jumamosi, jua likiwa bado kali, alikaa safu ya nne, mkono ameutia mfukoni, ameshika subana yake, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano. Kidole chake cha kati kilikuwa kimeizoea kiasi kwamba bila hiyo kiliona baridi. Kule mbele kocha alikuwa amevaa koti lake, na taulo lilikuwa begani, jeupe, likionekana.

Mambo yalikwenda yalivyosomwa. Kufuli alikuja akachukua alama za mapajani mwa Panzi, moja, mbili, na ile ya kumtoa machozi, na machozi yalimtoka. Raundi ya pili Panzi alizichukua zile za mbavuni, akamkaba mwenzake shingo, naye akachomoka kama sabuni. Kila alama ilipochukuliwa, umati uliitaja kwa sauti, kama watu wanaohesabu wageni wanavyoshuka. Ngozi za vijana wale wawili zilizidi kutakata. Raundi ya tatu ilipoanza, mwilini mwa Panzi, kuanzia shingoni kushuka, hapakuwa na kitu tena. Alikuwa laini kama siku aliyozaliwa, na mama yake, aliyeiona siku hiyo, aliitia subana kidoleni.

Alikuwa anaongoza. Watu walisimama. Mama yake Panzi ni mfupi. Naye alisimama, lakini alichokiona ni migongo. Aliona shati la mistari, aliona mtoto aliyebebwa mabegani, akanyoosha shingo kulitafuta taulo jeupe hewani. Hakuliona. Akasikia sauti ndogo, kavu, kama kifungo kinachobanwa mahali pake. Kisha umati mzima, badala ya kuitaja alama, ukanyamaza.

Panzi hakufa. Hilo watu waliliona kuwa ni jambo la kushukuru, na mama yake aliambiwa ashukuru na kila aliyepita mlangoni. Alirudi nyumbani ngozi haina hata mkwaruzo. Nyuma ya sikio palikuwa safi. Daktari wa mapambano alimgeuza kichwa huku na huku na kusema hakuna alama yoyote, na kama hakuna alama hakuna cha kuandika.

Sasa Panzi hukaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Mama humpa kopo la vifungo, naye huvipanga kwa rangi, manjano, kijani, zambarau, vyekundu, akimaliza huvichanganya akaanza upya. Kijiko humshinda kwa mkono wa kulia. Na kila baada ya muda huinua uso, mchangamfu kabisa.

"Pambano lini, mama?"

"Wameahirisha."

"Ah," Panzi husema. "Basi nile?"

"Kula, mwanangu."

Kocha alikuja ilipokaribia kuisha wiki ya pili. Alikuja na mfuko wa klabu, kama kawaida, wenye nguo za kurekebishwa na kaptura ya kupunguzwa, maana kijana mwingine wa bantamu alikuwa anapambana mwishoni mwa mwezi. Bango lake lilikuwa limeshabandikwa juu ya la Panzi, ila gundi haikutosha na sikio la Panzi lilikuwa linachungulia pembeni.

Shavu la kocha la kushoto lilikuwa na alama. Vidole vitano, wazi, virefu kuelekea sikioni, nyekundu mbichi. Kwenye ncha ya kidole cha kati palikuwa na duara dogo lenye vitone vitone, kama mdomo wa kikofia cha chuma.

Mama yake Panzi aliiona. Akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa mwekundu kiganjani, akaitazama subana, akamtazama kocha. Wote wawili walijua kwa nini amekuja leo.

"Pole, mama," kocha alisema.

"Tumeshapoa."

"Nilirusha, mama. Mguu ulivyonyanyuka tu, nikavuta, nikarusha. Refa hakuona. Unajua marefa wetu."

"Najua."

"Lilipita hivi, juu ya wavu."

"Lete nguo," mama yake Panzi alisema.

Alimimina mfuko mezani. Zilitoka soksi, kaptura, kitambaa cha kufungia mikono, na koti la klabu limefinyangwa kama lilivyovuliwa siku ile, likinuka siku ile. Alilikung'uta, akalitandaza. Taulo lilikuwa begani. Bandi ilikuwa nzima, mishono yote, nyekundu, hakuna uliokatika wala uliolegea.

Panzi aliacha vifungo vyake, akatazama. "Uzi mzuri," alisema.

 Filimbi ya kocha ilipanda na kushuka kifuani.

"Alikuwa anaongoza, mama," alisema mwishowe. "Zilibaki sekunde. Nilisema labda mguu utateleza." Kisha akainama, akasogeza shavu lake juu ya meza, karibu, macho amefumba. "Basi maliza. Watu wananitazama njiani."

Mkono wa mama yake Panzi ulipanda. Ulikaa hewani. Aliuogopa, jinsi ulivyoijua njia. Akaushusha. Akatunga uzi kwenye sindano, akaivuta kaptura ya yule kijana mwingine, akaitazama kiuno. Kilikuwa kidogo kuliko cha Panzi.

"Mama, tafadhali."

"Nikuchukulie alama yako ukanyage barabarani unang'aa?" alisema bila kuinua kichwa. "Nguo Ijumaa."

Kocha alitoka. Kupitia dirishani mama yake Panzi alimwona anavuka barabara, kiganja amekibandika shavuni kama anayeumwa jino. Mbele ya benchi la betri ilimbidi akishushe ili apokee salamu, maana Bado alikuwa amemnyooshea mkono.

"Shavu limefanyaje, kocha?"

"Ah, nimelalia mkono tu, mzee."

Bado aliinua miwani, akamsogelea, akaisoma alama taratibu kidole baada ya kidole mpaka alipofika kwenye lile duara.

"Huwa unalala umevaa subana?" aliuliza.

Kisha akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye benchi.