Maziwa Aliyoyaonja Mama Kikombe

Kila asubuhi, kabla ya kuuza hata tone, Mama Kikombe alichota maziwa kwenye debe, akanywa mbele ya wateja, akafuta mdomo, akasema: "Haya, leteni vyombo." Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake. Wenye watoto wachanga na wazee wenye matumbo korofi walinunua kwake kwa sababu ya funda lile moja.

Madebe aliletewa na mdogo wake, fundi wa maabara katika kiwanda cha maziwa, ambaye aliyapitia kwa wafugaji alfajiri akienda kazini. Wiki ile wateja walisifu kupita kawaida.

"Shoga, ng'ombe wako siku hizi wanalishwa keki?"

Mama Kikombe alicheka, akaonja, naye akasifu.

Jumatatu kiwanda kikafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Mdogo wake alisimama mbele na koti jeupe, sauti juu:

"Maziwa yenye vitamini! Zimefungwa ndani ya vipunje vya mafuta visivyoonekana, ladha haibadiliki! Mmeshayanywa wiki nzima kwa dada yangu, na yeye mwenyewe kayaonja!"

Mama Kikombe aliacha madebe yake. Alivuka barabara, akamvuta kando.

"Ulibadilisha madebe?"

"Dada, ungejua, uso wako ungewaambia. Tulitaka wanywe bila wasiwasi. Na wameyapenda! Hayana madhara yoyote."

"Sijakuuliza madhara. Mimi ulinifanya nani?"

Mdogo wake aligeuka. Macho yake yalikuwa kwa mteja aliyekuwa akisogea.

Mteja huyo alikuwa jirani, kichanga begani, chupa tupu mkononi.

"Mama Kikombe, ulijua?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unatuonjea nini?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Akampita taratibu, akampa yule kijana wa koti jeupe chupa ajaze.

Jioni mdogo wake alikuja na uso wa furaha. Kiwanda kilitaka kumwajiri dada awe mwonjaji wao. Mama Kikombe alimpakulia chakula, maana damu ni damu, kisha akaketi mbali naye.

"Kula. Ukimaliza, usiniletee tena maziwa. Na mbele za watu usiniite dada yako."

Mdogo wake alikula. Alipoomba maji, Mama Kikombe alimwonyesha mtungi ulipo, kana kwamba kijana hakukulia ndani ya nyumba ile.