Urea ya Mara ya Pili

Clement alipofariki, miche yake ilikuwa kitaluni tayari, imefikia kuhamishwa. Mjane wake, Paskalina, alitaka amzike mumewe na keshoye ashuke majarubani kuipandikiza, kwani mpunga haujui msiba. Shemeji yake Silvester, msemaji wa ukoo, akakataa. Mwanamke aliye matangani, alisema, haingii kwenye maji yanayopita kwa wenzake, atawaharibia mazao. Angoje matanga yaanuliwe.

Matanga yenyewe yaliwasubiri ndugu wa Iringa, na ndugu wa Iringa walikuwa na udhuru kila wiki. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa Rujewa kila mtu anajua kwamba mpunga uliochelewa kupandikizwa hukutwa na baridi ukichanua, na Silvester alizaliwa hapa hapa. Paskalina alikaa mkekani akiwasikia wenzake wakipandikiza, moyo unamuuma. Maana ukoo ulishatamka: majaruba ya marehemu atayalima msimu mmoja, waone. Akivuna vizuri, atabaki nayo. Akishindwa, yanakwenda kwa Silvester.

Aliporuhusiwa, miche ilikuwa imezeeka, imeingia umanjano. Akapandikiza hivyo hivyo, akaweka urea ya kukuzia, na mpunga ukapokea. Jirani yake Frida akamwambia imetosha. Lakini Paskalina alijipa moyo kwamba mbolea ndiyo itakayomrudishia siku alizokaa mkekani. Mpunga ulipoanza kubeba mimba akamwaga urea tena, tena bila kupima.

"Dada Paskalina, mpunga wenye mimba haukimbizwi," Frida alimwambia. "Unaulewesha majani tu. Utazidi kuchelewa."

Hakusikia. Nani angesikia, wakati kila mpita njia anasimama kusifia? Majaruba yalikuwa kijani cha kutisha. Hata Silvester alisimama kwenye tuta akausifu mpunga kwa maneno matamu, naye Paskalina, maskini, akafurahi.

Baridi ya Juni ikaja kama inavyokuja kila mwaka, bila kumwonea mtu. Mpunga wa wenzake ulishavunwa. Wake ndiyo kwanza unachanua. Masuke yakatoka meupe, yakasimama wima. Suke lenye chakula huinama, na kwake halikuinama hata moja. Akaminya punje, akaminya nyingine, akahamia jaruba la pili. Mapepe matupu. Akakaa chini akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

Silvester alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hakugomba. Alikata suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza, na kiganja kikabaki kitupu.

"Tulikupa msimu mzima, shemeji," alisema kwa upole.

"Mlinipa nusu," Paskalina alisema. "Nusu nyingine mliniweka mkekani."

Wazee wakatazama chini. Silvester akajibu kwamba mila haikutungwa na yeye, wala hakuna aliyemtuma mtu kumwaga mbolea mara mbili. Hilo la mbolea lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimkata maini Paskalina.

Kufa kufaana. Kabla ya kuondoka, shemeji mtu akamwuliza marehemu alikuwa akikiweka kitalu kona ipi, kwa kuwa mwakani angependa kuwahi.

Paskalina akamwonyesha kwa kidole.