Chungwa la Kupita Ukutani

Usiku wa jana niliota bango la chuo limenikamata kola ya shati.

Bango lenyewe nalijua. Liko getini, pale ninapoegesha toroli langu. Msimu wa machungwa nauza machungwa ya Muheza. Msimu ukiisha, kama sasa, nauza karanga. Shule niliiachia darasa la nne, lakini mtu akikaa miaka yote hiyo na bango ubavuni atalisoma tu, apende asipende. Juu limeandikwa MIHADHARA IJAYO. Chini yake, FIZIKIA YA ATOMI NA YA KIINI. Halafu zinafuata karatasi, zinabandikwa na kubanduliwa. Wiki hii wameweka moja inayosema: Kobalti na tiba ya saratani, matumaini mapya. Alhamisi, ukumbi mkubwa. Wote mnakaribishwa.

Niliisoma mchana nikaenda kutema mate upande wa pili wa barabara. Mke wangu, Mama Tunu, alikufa kwa saratani mwaka juzi akiwa anaingojea hiyo hiyo kobalti. Kila tukienda tunaambiwa mashine ya mionzi inafanya kazi polepole, rudini mwezi ujao. Sasa ati matumaini mapya. Ya zamani waliyapeleka wapi?

Nikalala na hasira hiyo, na bango likaja.

"Mzee Mhina," likasema, "wewe ndiye wote."

"Wote gani?"

"Tumeandika wote mnakaribishwa. Umefika wewe peke yako. Kwa hiyo wewe ndiye wote. Ingia, unachelewesha watu."

"Watu gani, kama mimi ndiye wote?"

"Hayo maswali," bango likasema, "ni mwisho wa mhadhara." Likaniachia kola.

Nikatazama mkono wangu wa kulia, nina chungwa. Limemenywa vile Mama Tunu alivyopenda, ganda la juu tu, ile nyama nyeupe imebaki, na kichwani limekatwa kifuniko. Nikalitambua. Ndilo lile lile. Siku yake ya mwisho wodini aliniagiza chungwa, nikammenyea, nikafika mlangoni. Mlinzi akasema saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Nikabisha hodi. Nikabisha tena. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu mwenye adabu anarudi alikotoka, ndivyo tulivyolelewa. Nikarudi nalo nyumbani. Asubuhi wakaniita nikachukue maiti.

Sasa ninalo mkononi, bado baridi, na ninajua kwamba leo lazima limfikie.

Ukumbini kumejaa. Wamekaa kwa safu, watu wembamba kama njiti, kila mmoja anazunguka juu ya kiti chake bila kuchoka. Nataka kwenda mbele. Natafuta njia kati ya safu na safu, hakuna. Sakafu yenyewe haipo.

"Samahani ndugu yangu," namwambia wa karibu, "mnapitaje hapa?"

"Sisi elektroni hatupiti," ananijibu huku anazunguka. "Unakuwa safu hii, au unakuwa safu ile. Katikati hakukaliki."

"Na mtu akiwa katikati?"

"Hajawahi kuwa."

Nikafumba macho nikaruka. Nilipofumbua niko safu ya mbele na kofia yangu imebaki nyuma.

Jukwaani amesimama Profesa Kajuna, mkubwa wa mambo yote. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kifuani pake: Mkubwa wa Mambo Yote. Tai yake ni ndefu, imeshuka jukwaani, imepita mlangoni, sijui mwisho wake uko wizara gani. Akagonga kipaza sauti kwa kidole.

"Mabibi na mabwana, mhadhara huu ni ujao."

Ukumbi ukapiga makofi. Chungwa langu likapungua nusu. Hakuna kisu, hakuna maji yaliyodondoka. Lilikuwa zima, likawa nusu.

"Profesa," nikasema, "uanze basi. Nina mgonjwa."

"Siwezi kuanza. Ukianza hautakuwa ujao tena, na bango litakuwa limesema uongo. Unataka chuo kiseme uongo?"

"Nataka kuuliza swali moja tu."

"Maswali ni mwisho wa mhadhara. Nao ni ujao."

Chungwa likawa robo. Hapo nikafahamu mchezo wao. Kila akilitamka neno hilo la "ujao", nusu ya kilichobaki inakwenda. Nikaliingiza chini ya kwapa lisisikie, kana kwamba chungwa lina masikio, nikapanda jukwaani na kupita chini ya tai.

Nyuma ya jukwaa ni hospitali. Ile korido yetu, na lile benchi lenye mguu uliofungwa waya. Mwisho wa korido kuna ukuta mnene wa zege, na mbele ya ukuta ameketi mzee mdogo sana. Miguu yake haifiki chini. Mwili wake unang'aa, lakini kama taa inayokwisha mafuta.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana hata adui huamkiwa.

"Marahaba. Mimi ndiye Kobalti."

"Ni wewe."

"Ni mimi, hiki kilichobaki. Niliajiriwa nikiwa mzima. Baada ya miaka mitano ikaenda nusu yangu. Nikawaambia wakubwa, nimebaki nusu, leteni mwingine. Wakasema bado unang'aa. Ikaenda nusu ya nusu. Mgonjwa niliyekuwa namaliza kumtibu wakati chai inapoa, sasa chai inapoa, inamwagwa, inachemshwa nyingine. Na foleni inakua. Wewe ulikuwa unanilaani mimi, sivyo?"

"Nilikulaani sana."

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Sina kinyongo. Mtu hulaani anayemwona."

Nikamuuliza Mama Tunu yuko wapi.

"Nyuma ya ukuta. Anangoja zamu."

"Mbona ukuta mnene hivi?"

"Walijenga nikiwa na nguvu, nisije nikatoka nikaunguza watu. Nguvu zimekwisha, ukuta umebaki. Ndivyo wanavyojenga."

"Mlango?"

"Ulikuwa wa mlinzi. Alistaafu nao."

Kutoka nyuma yangu nasikia kipaza sauti kinaburuzwa sakafuni. Profesa anakuja, anasalimia benchi, anasalimia waya. "Tunawakumbusha," anasema kwa upole, "kuhusu mhadhara ujao." Kwapani pananyauka. Nachungulia: kimebaki kipande kimoja, na chenyewe chembamba.

Wakati huo huo ukutani wanatokea watu wanne. Hawakuvunja kitu. Wanne hao wamefungwa pamoja kwa kanga moja, wawili wenye mori, wawili wapole, na wamechanganyika hivi kwamba nikikohoa upande huu wanaomba radhi upande ule.

"Sisi ni Alfa, chembe ya kiini," wakasema.

"Nyote?"

"Mmoja. Tunatoka kazini."

"Mmepita wapi?"

"Hatukupita. Tulikuwa ndani, sasa tuko nje."

"Nifundisheni. Mke wangu yumo humo."

Wakatazamana, jambo gumu kwa watu waliofungwa hivyo. Mmoja wa wale wapole ndiye aliyesema. "Mzee, ukuta huu wengi wanaujaribu wanarudi. Anayepita hapiti kwa nguvu. Anapita kwa kutobisha hodi. Ukibisha tu, ukuta unajua wewe ni mgeni."

"Bila hodi? Nyumba ya watu?"

"Bila hodi."

"Huo ni ujambazi."

"Ni fizikia," akasema, kwa aibu kidogo, nao wakaondoka.

Profesa ameshafika usawa wa benchi. Anavuta pumzi ya kusema. Nikakishika kile kipande kwa vidole viwili, nikakielekeza ukutani, nikaubana mdomo. Vidole vikaingia. Zege ni kama uji unaoanza kushika. Kiganja kikaingia, kiwiko kikaingia, na upande wa pili nikahisi hewa ya wodi, ile ya dawa na shuka lililoanikwa ndani.

Kitu kikanigusa vidole. Midomo. Kile kipande kikachukuliwa.

"Baba Tunu," ikasema sauti kutoka ndani ya zege. "Umechelewa."

"Walinizuia mlangoni."

"Na limekuwa dogo."

"Njiani wamelikata nusu, nusu, nusu. Wewe unawajua."

"Nawajua." Nikasikia anatafuna. "Tamu lakini. Hili la Muheza."

"La Muheza."

"Uliniletea na chumvi?"

"Mama Tunu, nimepenya ukuta wa zege, bado unataka chumvi?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Sijakisikia toka mwaka juzi. "Kinga mkono," akasema. "Mbegu."

Maana Mama Tunu hakutema mbegu chini hata siku moja. Tangu tulipooana alikuwa ananitemea kiganjani, nami ndiye natupa. Mama yangu aliona ni jambo la kishenzi. Nikakinga. Kitu kidogo, chenye maji, kikaanguka katikati ya kiganja.

Nikaona mkono hautoshi. Niingie mzima. Nikaegemea, bega likapita, shavu likapita, jicho moja likapita. Naona ncha ya kanga yake, ile ya kahawia, inaning'inia kwenye kitanda. Naona kisigino chake. Nikisogea kidogo tu namwona uso.

Na hapo mdomo wangu, mdomo huu uliofundishwa adabu, ulipoona kizingiti cha watu ukafunguka wenyewe.

"Hodi."

Ukuta ukakaza. Ukanirusha korido nzima hadi chini ya benchi.

Kisha kutoka ndani, mbali, kwa mara ya kwanza tangu nianze kubisha milango ya hospitali ile, mtu akaitikia. "Karibu, Baba Tunu. Karibu ndani."

Na mlango hakuna.

Profesa Kajuna akainama, akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Uso wake ulikuwa na huruma, huruma ile ya kwenye picha za gazeti. "Tuna nafasi ya swali moja," akasema.

Nilikuwa nalo. Nimelibeba tangu mazishi. Nikasema nikiwa nimelala pale pale chini ya benchi: "Mzee Kobalti alipowaambia amebaki nusu, mlikuwa mnafanya nini?"

Hata wale wa ukumbini waliacha kuzunguka. Kobalti alikuwa ananitazama, na nikaona mwanga wake umesimama, haupungui.

"Swali zuri sana," Profesa akasema. "Tutalijibu katika mhadhara..."

Nikafunga ngumi. Nilijua neno linalokuja na kitakachopungua. Kilichobaki duniani cha Mama Tunu kimo humu kiganjani, na hiki hawakikati. Nikabana mpaka kucha zikaingia nyamani. Neno likaja, nikalisikia, ukumbi ukapiga makofi, na mimi nabana.

Nikaamka nimekaa kitandani, nabana.

Jogoo wa jirani alikuwa anawika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi; nilivifungua kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Machungwa yamekwisha sokoni tangu mwezi uliopita, na mimi mwenyewe tangu mazishi sijatia chungwa mdomoni. Kiganjani palikuwa na mbegu moja ya chungwa. Nzima. Bado ina mate.

Nimeifunga kwenye pindo la shati. Leo ni Alhamisi. Karanga zitakaa nyumbani. Bango limesema wote tunakaribishwa, kwa hiyo nitakapofika mlango wa ukumbi sibishi hodi.